Saa za Mashine Kumi na Mbili

Magreti alinikuta nyuma ya nyumba ya msiba, kwenye turubai la wapishi, nikimenya viazi pamoja na wanawake wa ukoo wake. Akaniomba nisogee pembeni, akanipa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. "Mama, huu ni wasifu wa baba," alisema. "Wewe ulifanya naye kazi. Usome uangalie kama kuna kosa, kabla mchungaji hajafika." Nilifuta mikono kwenye khanga nikaanza kusoma. Kuzaliwa kwake tambarare za Hanang, ng'ombe wa baba yake, ndoa, watoto, ubatizo alioupokea akiwa na mvi, vyote vilikuwa sawa. Kwenye karatasi ya pili nikakuta mstari huu: mwaka mkoa wetu ulipogawanywa kutoka Arusha, marehemu aliacha kazi ya ufundi chuoni kwa hiari yake ili ajiajiri. Hapo nikasimama. Fundi Gidamis hakuacha kazi kwa hiari yake. Aliachishwa, na aliyesababisha aachishwe, kwa maneno yangu, ni mimi. Nilimtazama Magreti usoni nione kama anajua, kama ananipima kwa makusudi. Sikuona kitu. Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Hata maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe nayanusa kwanza.

Habari za kwetu Maretadu, juu milimani, na jinsi nilivyosomeshwa hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu mwenye cheti cha kompyuta, na katika mji wa Katesh watu wenye cheti cha namna hiyo tulikuwa wa kuhesabika. Kila kitu kilikuwa kinakuja kutoka nje wakati ule: nguo za mitumba, redio, baiskeli, matrekta yaliyochoka. Kompyuta nazo zikaja. Chuo kidogo cha ufundi kilichoniajiri kilipewa na wafadhili kumi na mbili, zile nzito za ofisini ambazo wenyewe walikuwa wamezitumia mpaka wakazichoka. Tuliziweka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Kuta zilipakwa chokaa upya lakini harufu ya dawa ya kuhifadhia nafaka haikutoka, na upepo wa kutoka mlimani ulipovuma, vumbi jekundu lilipita chini ya mlango likatua juu ya vitufe. Wafadhili walikuwa na sharti. Tuziunganishe kwa waya, tuzipime kasi ya kupitishiana mafaili, kwanza kwa dreva ya zamani, yaani ile programu inayoiendesha kadi ya mtandao, kisha kwa dreva mpya waliyotuletea kwenye diski. Kama dreva mpya ingeziongezea kasi mashine zile kuukuu, wangeleta nyingine ishirini, na mmoja wetu angepelekwa Arusha kusomea mitandao kwa miezi mitatu. Kama isingeongeza, chumba kingefungwa na mashine zingeuzwa kama chuma chakavu. Niliitaka Arusha ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Tulipewa kazi hiyo wawili. Mwenzangu, Gidamis, alikuwa amenizidi miaka kumi na tano au zaidi. Alikuwa fundi redio, na meza yake sokoni alikuwa amemwachia mdogo wake. Mkuu wa chuo, Mwalimu Hhando, alimwajiri kwa sababu alijua kuyeyusha risasi ya kulehemu na kuchomelea waya mwembamba bila kuunguza kitu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti ya taratibu bila kuacha alichokuwa anafanya. Hakuwa na cheti. Alikuwa na saa ya mkononi yenye mshale mrefu wa sekunde, aliyoinunua baada ya kuuza mtamba, na aliipenda saa ile mpaka tukawa tunamtania. Sasa niseme jambo ambalo sijivunii. Kule kwetu juu milimani nilikua nikisikia wakubwa wakisema kuhusu watu wa tambarare kwamba ni wa kuangaliwa, kwamba wakikusalimia vizuri sana uhesabu mbuzi wako. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa makusudi. Niliyanywa na maziwa, nikaenda nayo Katesh, na siku ya kwanza nilipoona mtu huyu anafungua mashine na kuzichungulia ndani muda mrefu bila kusema neno, tayari nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Tulichukua faili moja kubwa, tukalituma kutoka mashine moja kwenda nyingine. Faili likishafika, programu ilijiandikia yenyewe kwenye kioo: limechukua sekunde kadhaa, kasi ni kadhaa. Mimi nilinakili namba hizo kwenye daftari, upande wa kushoto. Gidamis hakuziamini. Alikaa na mkono wake mezani, akaitazama saa yake tangu ninapobonyeza mpaka faili linapofika, akaandika namba yake upande wa kulia. Kwa dreva ya zamani namba zetu zilikaribiana, nikanyamaza. Tulipoweka dreva mpya zikaachana. Kioo kikisema sekunde arobaini, yeye aliandika hamsini na nane. Kioo kikisema thelathini na tisa, yeye hamsini na saba. Kwa namba za kioo, dreva mpya ilikuwa nzuri ajabu. Kwa namba zake haikuongeza hata kidogo. Siku ya kwanza nilimwambia kwa heshima kwamba labda saa yake inakimbia. Aliivua, akaiweka sikioni, akaivaa tena. "Haikimbii," alisema. Basi. Mtu mzima akishasema hivyo, binti hamrudii swali, na mimi sikurudia. Nilikwenda nalo kichwani.

Tena kulikuwa na jambo la saa za mashine zenyewe. Mwalimu Hhando alikuwa mtu wa nidhamu, aliyetaka kompyuta zote zionyeshe saa moja ileile, kwa sababu mgeni akiingia akakuta kila moja inasema lake ataona ni chumba cha wahuni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kila asubuhi, redio ya jikoni ilipotoa mlio wa saa mbili, nilipita mashine moja moja nikirekebisha. Na tangu tuanze kupima dreva mpya, kila asubuhi nilizikuta zimechelewa. Hii dakika nne, ile dakika tisa, nyingine robo saa. Kompyuta haichelewi robo saa kwa siku moja, hilo nilifundishwa. Nani basi alikuwa anabaki chumbani jioni baada yangu, akisingizia kufagia vumbi? Gidamis. Nilijisemea kwamba anazichezea saa ili vipimo vivurugike. Sikumuuliza. Nilirekebisha, nikafunga mdomo, na kesho yake nikarekebisha tena, nikijiona mwerevu kwa kutomwonyesha kwamba nimegundua.

Chakula cha mchana tulikula jikoni kwa Mama Boay, mpishi wa chuo, kwenye banda la mbao lililogawanywa katikati kwa ubao mmoja mwembamba: huku meza yetu, kule mafiga yake. Alikuwa na saa ya mezani ya kutia ufunguo, aliyoitumia kupimia maharage ya makande yasiive kupita kiasi, na ilikuwa inagonga kwa kelele mpaka ukitafuna unafuata mlio wake. Siku moja niliwahi kufika, nikakaa na bakuli langu la maziwa ya mgando. Upande wa pili nikasikia Gidamis akizungumza na mdogo wake aliyekuja kumwona. Mdogo mtu aliuliza itakuwaje kuhusu zile mashine. Gidamis akajibu kwamba zikikataliwa zitauzwa kwa kilo, na yeye ataomba mbili, kwa sababu ndani yake kuna vipuri ambavyo sokoni havipatikani. Kijiko kilibaki mkononi. Kwangu kila kitu kilijipanga palepale: namba zake za kasi ndogo, saa zilizochezewa, kuchungulia ndani ya mashine. Mtu huyu alikuwa anaziua mashine kwenye daftari ili apate vipuri vya meza yake. Na Arusha yangu ingekufa pamoja nazo. Nilisikia hasira mpaka maziwa yakanishinda.

Ilipofika siku ya kukabidhi vipimo, Mwalimu Hhando aliniita ofisini peke yangu. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili vya mbao, ramani ya mkoa wa zamani ambayo tayari ilikuwa imechorwa kwa kalamu mstari wa mkoa mpya, na birika la chai ambalo hakumkaribisha mtu. Alifungua daftari, akaweka kidole kimoja kushoto na kingine kulia.

"Paskalina, hizi namba ni za kazi moja. Nani kati yenu anaandika kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Hiyo ndiyo ingekuwa kweli. Nikasema, "Mwalimu, mimi naandika kinachosemwa na mashine. Mashine haina meza sokoni." Kisha nikamweleza yote, la saa kuchezewa, la jikoni, la vipuri, kwa mpangilio mzuri kama nilivyofundishwa kuandika taarifa. Aliniambia niyaandike na kuweka sahihi, nikaandika. Alikuwa mtu wa kwetu, wa milimani, na nadhani maziwa aliyokunywa yeye yalitoka zizi lilelile na yangu, kwa sababu hakumwita Gidamis kumsikiliza. Alimwita kumwambia.

Nilimwona akitoka. Alipita mbele ya mlango wa chumba cha mashine na mfuko wake wa vifaa, nami nilikuwa nimesimama pale bila pa kujificha. Desturi ikanisukuma kabla sijafikiri, nikasema shikamoo. Alisimama. Aliniangalia kidogo, akasema marahaba kwa sauti ileile ya kila siku, akaenda zake. Usiku ule na siku nyingi zilizofuata niliitafsiri ile marahaba. Nilisema ni ya unafiki, kwamba mtu asiye na hatia angenitukana. Leo najua kwamba nilitaka anitukane ili nipumzike.

Juma lililofuata hatukupima kitu, tulisubiri majibu ya wafadhili. Na saa za mashine, tazama, hazikuchelewa hata dakika. Kila asubuhi mlio wa redio ulipotoka, zote kumi na mbili zilikuwa sawa kabisa. Nilimwita Mwalimu Hhando aje aone mwenyewe. Alitikisa kichwa akasema mwizi akiondoka kuku hutulia, na mimi nikacheka pamoja naye. Kisha wafadhili wakaleta barua: namba zimewafurahisha, wanaomba turudie vipimo mara moja tu kwa uhakika. Nikarudia, peke yangu, kutwa nzima, mlango nimeufunga na ufunguo mfukoni mwangu. Asubuhi yake redio ikalia saa mbili. Mashine ya kwanza ilikuwa imechelewa dakika sita. Ya pili kumi na moja. Nilikaa kwenye kiti.

Nilikwenda jikoni nikamwomba Mama Boay saa yake ya ufunguo. Alinipa kwa shingo upande, akaniambia niirudishe kabla maharage hayajaungua. Niliiweka kando ya kioo, nikatuma faili, na mara hii sikusubiri namba, niliitazama saa ya mashine yenyewe ikitembea pale pembeni. Ilikuwa haitembei. Saa ya Mama Boay iligonga, ikagonga, na ile ya mashine ikasimama kwenye sekunde moja, ikaruka kidogo, ikasimama tena. Faili lilipofika, kioo kikaandika kwa fahari: sekunde arobaini. Saa ya jikoni ilisema hamsini na nane. Nilirudia mara tatu mpaka Mama Boay akaja mwenyewe mlangoni na mwiko. Dreva ile mpya, ikishashika faili, ilikuwa inaibana mashine mpaka haipati nafasi ya kuhesabu sekunde zake. Ni kama mtu anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini huku wazee wanapita na yeye anaitikia salamu moja baada ya nyingine. Mbuzi wanapita na yeye hawahesabu, na mwisho anakutajia namba kwa moyo mweupe. Mashine haikuongeza kasi. Ilisahau muda. Na kila jioni jumla ya sekunde zilizosahauliwa ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye vioo kumi na viwili, na kila asubuhi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nazifuta.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Alikuwa kwenye meza yake, amefungua redio tumboni, saa yake imelala juu ya kitambaa. Nilitoa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilianza kumweleza. Sikumaliza.

"Saa zilikuwa zinachelewa, siyo?" alisema.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema tangu juma la kwanza. Jioni nilipoondoka alikuwa analinganisha saa za mashine na saa yake, na aliona kwamba iliyopimwa sana ndiyo iliyochelewa sana. Nikamuuliza, karibu kwa ukali, kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa naona zinachelewa jioni," alisema. "Asubuhi nakuta umezirudisha. Kila siku. Nikasema, huyu binti anajua, anaficha, anataka safari yake. Nikasubiri aone aibu mwenyewe."

Nilimwambia sikujua. Aliinua macho kutoka kwenye redio akanitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akizitazama mashine, na nikaelewa kwamba hana uhakika kama aniamini. Nilimuuliza kuhusu zile mbili alizotaka kuomba. Akasema ndiyo, alizitaka, zikikataliwa. Kuna ubaya gani kuomba kilichotupwa? Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu. "Nenda," alisema. "Mimi meza yangu ninayo. Lakini jina langu liko kule kwenye karatasi yako."

Sikwenda. Jumatatu nilifika mpaka mlango wa ofisi, na Mwalimu Hhando akaufungua kabla sijabisha, amefurahi, barua mkononi: mashine ishirini zinakuja, na mimi naenda Arusha. Nikasema asante. Nimekuwa nikijitetea kwa miaka mingi kwamba nilikuwa mdogo, kwamba chumba kingefungwa, kwamba vijana wengi walijifunza kwenye mashine zile. Walijifunza, ni kweli, wakisubiri mafaili mpaka wanasinzia, kwa sababu mashine zilikuwa za polepole vilevile kama alivyoandika mtu wa upande wa kulia wa daftari. Lakini sababu yenyewe ni moja. Niliogopa kuipoteza Arusha, nikamwacha mtu na jina la mwizi. Mwalimu Hhando alihamishwa, baadaye akafariki. Taarifa yangu sijui iko kabati gani. Gidamis nilikuwa nikimpitia sokoni mara kwa mara, natoa shikamoo, anaitikia, ananitengenezea redio yangu kwa bei ya kawaida. Hakuniuliza tena.

Basi nilisimama nyuma ya turubai lile na karatasi mbili, nikielewa kwamba hata nyumbani kwake hakulisema. Aliwaambia watoto kwamba aliacha mwenyewe. Nilimwomba Magreti kalamu. Nikaukata ule mstari, nikaandika juu yake: marehemu aliachishwa kazi chuoni kwa taarifa isiyo ya kweli, vipimo vyake ndivyo vilivyokuwa sahihi. Nilimrudishia. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Watu watauliza taarifa ya nani," alisema.

"Andika jina langu."

Alinirudishia kalamu. "Uandike wewe, mama."

Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu. Mchungaji alifika, tukakaa, na Magreti akasoma mbele ya jeneza kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika pale hakuruka neno. Wanawake waliokuwa kwenye mkeka wangu, ambao asubuhi tulimenya nao viazi, waligeuka kunitazama, na kutoka kwa wanaume nyuma nikasikia mtu akikohoa. Sikuinamisha kichwa, ingawa nilitamani ardhi inifiche.

Baada ya maziko nilikwenda kwa mjane wake. Alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta wa nyumba, amezungukwa na wakwe zake. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Alinitazama mpaka mmoja wa wakwe zake akajisogeza. Kisha akasema marahaba. Nimerudi nyumbani nayo, naipima kama ninavyopima kila kitu, na mpaka leo sijajua kama ilikuwa ya kunisamehe au ya desturi tu.